Maji ya Sifuri

Profesa Severin Mkude hakuwa mtu mbaya, ila salamu zilimshinda. Ukimwambia habari za asubuhi, alikuwa keshapita. Ukimwuliza za nyumbani, alikutazama kama mtu aliyeulizwa habari za nchi asiyowahi kufika, na kwa kweli nyumbani kwake hakukuwa na habari. Mkewe, Happiness, alikwenda Mwanza kumlea mjukuu kwa miezi mitatu, na huu ulikuwa mwaka wa nne. Hawakugombana. Hakuna aliyemwambia mwenzake sirudi. Mjukuu wa kwanza alianza kutembea, akaja wa pili, na mzee akabaki analala upande wa ukutani wa kitanda kile kipana, kana kwamba mwenye upande mwingine ametoka kidogo tu.

Alichokuwa nacho ni chupa. Kila asubuhi, kabla ya kwenda chuoni, alipita stendi ya Msamvu na gunia, akaokota chupa za maji ambazo abiria huzitupa madirishani mabasi yakiondoka. Wauza korosho walimzoea. Wanafunzi wake wa kemia walimwita Profesa Chupa, naye alijua, wala hakujali. Maabara alizikatakata, akazioka ndani ya tanuri lisiloingia hewa mpaka zikawa unga mweusi kama masizi ya chungu, akauchanganya na gundi, akaupaka kwenye kijiti chembamba. Kijiti hicho ndicho kihisi chake, kazi ya miaka kumi na moja. Ukikichovya kwenye maji na kukiunganisha na mashine, mstari hutokea kwenye kioo. Maji yakiwa safi, mstari unalala. Yakiwa na sumu ya kupulizia mboga, mstari unainuka na kufanya kilima.

Sasa, kipimo chochote lazima kijue pa kuanzia. Maji yanayochemshwa maabara na kukingwa mvuke wake ni safi, lakini hayana chumvi za mlimani, na Profesa hakuyaamini kwa kazi hii. Alitaka maji yenye chumvi zilezile za mito ya Uluguru, ila yasiyoguswa na mkono wa mtu. Maji ya sifuri, alivyoyaita. Na alijua yalipo. Kijijini kwao, juu ya Mgeta, kulikuwa na chemchemi ya lukolo lao, yaani ukoo wa mama yake, na sheria yake ni ya tangu enzi: halimi mtu juu yake, haingii sabuni wala ndoo, na maji yake hayatekwi ila kwa kata ya kibuyu. Kwa Waluguru mambo ya ardhi na chemchemi hufuata tumbo la mama. Kwa hiyo mlinzi wake alikuwa mama mzazi wa Profesa, na alipofariki, miaka mitatu iliyopita mwezi wa Julai, kazi ikamwangukia binti yake, Modesta, dada mkubwa wa Profesa.

Kila wiki ya pili, siku ya Alhamisi, chupa mbili za kioo cha kahawia zilishuka na lori la mboga hadi sokoni Morogoro. Profesa alikuwa mwangalifu kupita kiasi. Chupa alizisafisha mwenyewe kwa asidi, alizibandika karatasi ya tarehe, alimfundisha mama, na baadaye dada, kuzijaza bila kugusa midomo yake. Na kila Alhamisi hiyo, saa tisa alasiri, alipiga simu.

"Maji yamepanda gari?"

"Yamepanda."

"Haya."

Basi. Modesta alimzidi miaka sita, alimbeba mgongoni enzi hizo akienda kuchuma njegere, na shikamoo yake ilikuwa haki yake. Profesa aliiangusha mahali fulani kati ya shahada ya pili na ya tatu, na hakurudi kuiokota.

Mwezi wa Septemba mwaka huu, ikiwa imebaki miezi mitatu astaafu, alikuwa amemaliza ripoti yake kubwa. Vijito ishirini vya Uluguru, miaka mitano ya vipimo, na mbele ya vijito kumi na vinne ameandika neno moja: salama. Ofisi ya maji ilikuwa ikiisubiri ili iwaambie wanavijiji wapi wachote na wapi waache. Ndicho kitu pekee alichotaka kukiacha duniani chenye jina lake. Watoto wana jina lake pia, ila watoto hawakupigwa muhuri.

Jumanne moja umeme ulikatika, ukarudi, na mashine ikasahau sifuri yake. Mwanvita, fundi sanifu wa maabara aliyefanya kazi na Profesa kwa miaka kumi na tisa, akaiwasha upya. Chupa ya chemchemi ilikuwa bado kwenye jokofu, naye ana haraka, akaiwekea mashine sifuri ya maji ya maabara ili tu aone kama inafanya kazi. Kisha akaitoa chupa ya chemchemi na kuchovya kijiti. Mstari ukainuka.

"Profesa, njoo uone."

Akaja, akatazama. "Kijiti kibovu."

Mwanvita akachovya cha pili. Akachovya cha tatu. Walipofika cha kumi, kilima kilikuwa kilekile.

"Ni chumvi," Profesa akasema. "Maji ya maabara hayana chumvi. Kijiti kinashangaa chumvi tu."

"Inawezekana," akasema Mwanvita, kwa sauti ya mtu anayeona haiwezekani.

Kulikuwa na njia ya kujua. Profesa hakuwahi kutupa maji. Kila chupa iliyoshuka mlimani aliibakiza nusu yake kwenye jokofu la nyuma, akiacha nafasi juu isije ikapasuka, na tarehe zilikuwa zimepangwa kama vitabu vya misa. Akatoa za miaka mitano, akaanza na za zamani zaidi. Mstari ukalala. Mwaka uliofuata, ukalala. Chumvi ni zilezile, na mstari umelala. Machi, Mei, Juni ya mwaka aliokufa mama, umelala kama mtoto aliyeshiba. Chupa za kwanza za Agosti ya mwaka huohuo, umelala bado; zilizofuata, ukainuka. Septemba, ukainuka. Toka hapo haukulala tena.

Akavuta kiti, akaketi. Miaka yote hiyo hakuna aliyeona, kwa sababu sifuri haipimwi. Unaanza nayo tu. Kila mto aliupunguzia kiasi cha sifuri yake, na sifuri yenyewe ilikuwa na sumu. Maana yake ni kwamba mito yote ilikuwa michafu kuliko alivyoandika. Kijito alichokiita salama, huenda watu wanajaza madumu yao humo na kuwanywesha watoto uji wake.

"Ripoti je?" Mwanvita akauliza. "Wanaitaka Ijumaa."

"Kuna mtu amelima juu ya chemchemi," Profesa akasema. Hakuwa amemsikia. "Mama amefumba macho tu, wakaingia na majembe. Hawakusubiri hata arobaini."

"Umpigie dada kwanza."

"Nitakwenda mwenyewe."

Mwanvita akarudisha chupa kwenye jokofu. Alikuwa amemsikia Profesa kwenye simu za Alhamisi kwa miaka, na mengine hayasemwi na mtu wa nje.

Jumatano Profesa aliendesha gari lake kuukuu mpaka barabara ilipomshinda, akaliacha kwenye duka la pembejeo, akapanda kwa miguu akiwa amebeba begi la vipimo na hasira yake. Hasira ilimsaidia kupanda. Kote kushoto na kulia matuta ya kabichi na karoti yalikuwa yamepanda mlima pamoja naye, na kwenye kingo za mashamba zilitupwa chupa tupu za dawa, nyeupe na buluu, ambazo kwa mara ya kwanza hakuziokota. Alikuwa akipanga atakayowaambia wazee wa kijiji. Alipanga mpaka alipojikuta anasema peke yake, kwa sauti, na mwanamke aliyekuwa akipalilia akampa shikamoo ambayo hakuijibu.

Modesta alikuwa ameketi kizingitini anamenya njegere. Alipomwona, mkono ulisimama juu ya sufuria.

"Seve! Nani kafa?"

Hilo ndilo neno la kwanza. Na hakuwa anamtania. Toka wazaliwe watoto wake, Severin hakupanda mlima ule ila kwa msiba.

"Hajafa mtu. Nani analima juu ya chemchemi?"

"Halimi mtu."

"Usinifiche, dada. Nina vipimo."

"Nimekuambia halimi mtu." Hakuinuka kumkaribisha, na Profesa akadhani ndiyo hasira yake, akaona haki yake kukasirika pia. "Kaa kwanza. Unywe hata maji."

"Nitakunywa nikirudi. Nakwenda kuona kwa macho yangu."

"Njia ni mbaya," Modesta akasema taratibu. "Chukua panga hapo nyuma ya mlango."

Akalichukua bila kuuliza panga la nini. Mtu aliyesoma vile.

Alijua njia hiyo akiwa mtoto: nyuma ya nyumba, kuvuka mfereji, kupita mipichesi mitatu, halafu moja kwa moja msituni, dakika arobaini. Mipichesi aliiona. Baada ya hapo hakuona njia. Matete, miba na majani ya kimanjano yalikuwa yamefunga kila kitu mpaka kifuani, na shina la mti mmoja lilikuwa limelala kukatiza pale ilipokuwa ngazi ya mawe, limeota uyoga. Alifyeka, akapumzika, akafyeka. Alitumia saa mbili na nusu. Alikuwa amefika nusu ya njia alipoacha kuwawazia wenye majembe, maana hapakuwa na alama ya jembe, wala ya moto, wala ya kiatu. Msitu juu yake ulikuwa mzima na kimya.

Chemchemi ilikuwa pale pale chini ya jiwe. Kata ya mama yake ilikuwa bado imetundikwa kwenye kijiti, imepasuka katikati, na kuvu ya kijani imeijaza kama mtu aliyeipakulia chakula. Profesa akaiondoa, akaishika, hakujua aiweke wapi. Kisha akafanya alichojua kufanya. Akakitoa kipimo chake cha mkononi, akakiwekea sifuri ya maji ya maabara, akachovya kijiti kwenye chemchemi.

Mstari ukalala.

Akabaki amechuchumaa. Baridi ya mlima ikamwingia kwenye shati lililoloa jasho. Maji yale hayakuwahi kuchafuka, na hakuna mtu aliyekuja kuyateka, si mwezi huu wala mwaka huu. Mwenye macho haambiwi tazama, ila yeye alitazama mistari miaka mitatu na hakuona. Ilimbidi apande mpaka juu kabisa ili ajiulize swali ambalo mtoto angeliuliza chini: kama njia imefungwa, dada amekuwa akipitia wapi?

Aliposhuka, jua lilikuwa limeegemea upande wa pili. Modesta alikuwa bado kizingitini. Sufuria ya njegere imejaa, na pembeni, imeegemezwa ukutani mahali ambapo asubuhi alidhani ni mpini wa jembe, kulikuwa na fimbo yenye kichwa kilicholainika kwa kushikwa.

"Simama, dada," akasema.

"Ya nini?"

"Simama tu."

Akasimama. Ilimchukua muda. Mguu wa kushoto ulikuja nyuma ya mwenzake, mfupi, umegeukia nje, akaushusha kama mtu anayeshusha mzigo usio wake.

"Tangu lini?"

"Tangu Agosti ile. Mara ya kwanza nilipokwenda mimi badala ya mama." Alisema bila uchungu, kama anayesimulia habari za jirani. "Niliteleza kwenye ile ngazi ya mawe. Nilikuwa nimeshateka, nashuka. Nililala pale toka asubuhi, nikiita mpaka koo likakauka. Mikidadi, jirani yetu, alikuwa anatafuta mbuzi wake, mchana ndipo akanikuta, akanibeba. Chupa zako hazikuvunjika, Seve. Hata moja. Niliziweka kifuani."

Profesa akaitazama ile fimbo ukutani.

"Saa tisa ukapiga simu. Ilikuwa Alhamisi. Nimelazwa hapo kwenye mkeka, mfunga mifupa ananishika nyonga, Mikidadi akaniwekea simu sikioni. Nikasema moyoni, akiniuliza hali tu, nitamwambia. Ukauliza kama maji yamepanda gari."

Alikumbuka. Si kwamba alikumbuka maneno, maana yalikuwa yaleyale siku zote. Alikumbuka kwamba alijibiwa, "Bado, yatapanda kesho," na kwamba alikasirika kidogo.

"Na baada ya hapo ukateka wapi?"

Modesta akaelekeza kwa mdomo nyuma ya nyumba. Mfereji. Ule aliouruka asubuhi bila kuutazama, unaoshuka kutoka kwenye matuta ya kabichi ya watu, tuta baada ya tuta, mpaka uani.

"Ndiyo maji ninayoyafikia. Nakwenda na fimbo hatua thelathini. Mwanzo nilisema mpaka nipone. Halafu sikupona."

"Na ya kunywa?"

"Nanywa yapi mengine?"

Mganga hajigangi, wasemavyo, na Profesa huyu alitembeza vijiti vyake Uluguru nzima akiwatafutia watu sumu ndani ya vikombe vyao. Kikombe cha dada yake kilimjia kila wiki ya pili mpaka mezani. Akakiita sifuri. Kila sumu aliyoinywa Modesta, yeye aliifuta kwenye mahesabu kabla ya kuanza kazi.

"Kwa nini hukuniambia?" Sauti ilimtoka kama ya mtoto. "Ungesema siwezi, dada. Ningetafuta mtu mwingine wa kuteka."

"Ndiyo," Modesta akasema. "Ungemtafuta. Na simu ungekuwa unampigia huyo."

Profesa akaketi chini, kwenye udongo, na suruali yake ya chuoni. Alilia, hakujificha. Modesta akarudi kuketi taratibu, akaivuta sufuria, akaendelea kumenya, kwa sababu njegere zilitakiwa zishuke na lori Alhamisi.

Alikaa siku mbili. Alipanda na kushuka na kata nyingine na madumu mapya mpaka pipa la dada yake likajaa maji ya chemchemi, na mikono ikamtoka malengelenge. Waliongea kidogo. Hawakujua wanaongeaje. Alimweleza Mikidadi habari za mfereji, na Mikidadi, ambaye naye hupulizia kabichi, akauliza, "Sasa tusipulizie, tule nini?" na Profesa akaliandika swali hilo kwenye daftari lake la vipimo. Kuhusu nyonga alisema watakwenda hospitali Morogoro. Modesta akasema tutaona, kama wanavyosema watu waliokwisha kuona.

Ijumaa alikuwa mezani kwake, lakini ripoti haikwenda. Ilikwenda barua: vipimo vya miaka mitatu visitumike, vijito vilivyoandikwa salama visitangazwe, kosa ni la mtafiti mwenyewe. Mwanvita alimwomba aandike kwamba sampuli zilitekwa mahali pasipo sahihi. Ni kweli, na ingemwondolea aibu. Akakataa. Bwana wa ofisi ya maji alipiga simu akafoka dakika kumi nzima, na maneno "mzee" na "umri" yalitajwa. Chuoni habari hazilali. Kufikia Jumatatu watu walikuwa wakimpa pole kwa sauti ya chini, naye, kwa mara ya kwanza, akawa anasimama kuzipokea, jambo lililowatia hofu zaidi.

Maji yakimwagika hayazoleki. Miezi iliyombakia ilitosha kuipima mito miwili upya, si ishirini.

Alhamisi ya pili ikafika. Hapakuwa na chupa za kusubiri. Alikuwa amepanga atakuwa anapanda kuteka mwenyewe kila mwisho wa mwezi. Saa tisa alasiri akaitoa simu mfukoni, akairudisha. Akaitoa. Alitoka nje ya maabara, akasimama karibu na rundo la magunia ya chupa za Msamvu, akapiga.

"Haloo."

"Shikamoo, dada."

Alisikia kuku, na mbali zaidi lori likinguruma.

"Seve," Modesta akasema, na sauti ikashuka. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Maji yamekwisha?"

"Yapo."

"Sasa?"

Huyu mtu alihutubia kumbi za nchi nane, aliweza kusema saa mbili juu ya kijiti kimoja bila karatasi. Akalitazama gunia lililokuwa mbele yake.

"Mchana nimekula maharage," akasema.

Akaitoa simu sikioni kuangalia kama imekatika. Haikuwa imekatika.

"Marahaba," Modesta akasema. "Nani kakupikia?"